Kuba za Tudor: Habari za Chuo cha MIOME na Waislamu wa Mpakani

  

Katika kisiwa cha Mombasa, mtaa wa Tudor, yamesimama majumba yenye kuba na matao ambayo mgeni akiyaona kwa mbali hudhani ni msikiti mkubwa. Majumba hayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, lakini wazee hawajaacha kuyaita kwa jina lake la kwanza, MIOME, yaani Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa. Habari zake zinastahili kuwekwa katika kijitabu cha jamaa wa Busia na Tororo, kwani chuo kile hakikukusudiwa watu wa Pwani peke yao. Kilikusudiwa Waislamu wa Afrika Mashariki yote, na kwa hiyo mtoto wa mpakani alikuwa na haki yake ndani ya kuta zile kama mtoto wa Mombasa.

Tena njia ya kutoka mpakani kwenda Mombasa si ngeni. Kabla ya reli, misafara ya wafanya biashara wa Pwani ilipita Mumias ikienda Uganda, na kwa njia hiyo Uislamu ukaingia katika nchi hizi. Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu, na mji wake ukawa kitovu cha dini kwa majirani wa pande zote. Mpaka wa sasa haukuwapo zamani hizo. Nchi ya Busia ya Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda hata mwaka 1902, Waingereza walipolihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wasamia na Wateso wakajikuta huku na huku, lakini msikiti na madrasa havikujua mpaka. Baadaye reli ikapita Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931, na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tororo hata Mombasa ikawa ya kupanda gari na kuteremka. Aliyetoka Busia alipandia Kisumu au Butere.

Wazo la chuo lilishikwa na Sir Philip Mitchell, Gavana wa Kenya, aliyekuwa Gavana wa Uganda kabla ya hapo. Aliona kwamba Waislamu wamebaki nyuma katika elimu ya kazi za mikono. Mwaka 1948 chuo kikawekwa kisheria, na mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Mali ya kujengea ilitoka mikononi mwa watu mbalimbali: Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Imamu wa Waismailia, jamaa ya Mabohora, na Serikali ya Kiingereza. Mji wa Mombasa wakati ule ulikuwa katika ukanda wa Pwani, chini ya bendera ya Sultani, ukitawalwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895, hata ulipoingia katika Kenya huru mwaka 1963.

Jambo hilo lataka kutazamwa vema. Sultani alikuwa Mwibadhi, Aga Khan na Mabohora ni Mashia wa madhehebu mbili mbalimbali, na wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ni Masuni wa madhehebu ya Shafi. Watu ambao hawasali nyuma ya imamu mmoja waliweka mali yao katika ukuta mmoja. Tena ilikuwa zama ambazo shule za Kenya zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Chuo cha Mwislamu, awe wa rangi yo yote, kilikuwa jambo geni na jambo kubwa.

Na umbo la majumba lilifuata nia hiyo. Misikiti ya kale ya Pwani, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa desturi ina dari iliyo sawa. Kuba ni chache na minara ni michache. Wajenzi wa Tudor hawakuiga misikiti hiyo. Walichukua kuba na matao ya nchi nyingine za Kiislamu, wakayaweka katika ardhi ya Mombasa, hata Mwarabu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja aweze kusema: hii ni nyumba ya Waislamu. Lakini matao si pambo tu. Baraza yenye matao huuweka ukuta wa chumba kivulini, jua lisiupige, na upepo wa kaskazi na wa kusi hupita bila mvua kuingia ndani. Katika mji wa joto kama Mombasa, mwanafunzi aliyeketi nyuma ya baraza ya namna hiyo husoma adhuhuri bila kusinzia.

Chini ya kuba hizo hakikufundishwa kitabu peke yake. Palifundishwa mitambo, umeme, useremala na kazi za vyombo vya baharini. Wapo waliouliza, je, hiyo ndiyo elimu ya Kiislamu? Jawabu lake li katika habari za Manabii. Nuhu aliamrishwa kuunda jahazi kwa mbao. Daudi alilainishiwa chuma akafua deraya. Ibrahim na mwanawe Ismail waliinua kuta za Al-Kaaba kwa mikono yao. Basi anayeshika randa au nyundo kwa nia njema hayuko mbali na njia yao.

Hata hivyo, chuo kilikuwa na upungufu, na upungufu huo haukuwa katika kuba wala matao. Katika miaka ya mwanzo kilipata taabu kupata wanafunzi wa kutosha waliokwisha kusoma masomo ya chini kwa kiwango kilichotakiwa. Sababu yake yajulikana kila mahali, na mpakani hasa. Shule nyingi za bara zilikuwa za wamisheni, na mzazi Mwislamu aliogopa mwanawe asije akabatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, wala haifai kuchekwa na watu wa leo. Lakini aliyemzuia mtoto asiende shule ya misheni, naye asimjengee shule nyingine, alimfungia milango miwili kwa kufuli moja. Ikawa katika miaka ya 1950, kiwanda cha saruji kikisimamishwa Tororo, na bwawa la Owen Falls likifunguliwa Jinja mwaka 1954, kazi za ufundi zikawa mlangoni pa Waislamu wa mpakani, na chuo cha kuzifundisha kikawa Mombasa na nafasi zake. Kilichokosekana ni daraja la katikati, nalo ni madarasa ya chini. Kuba ilitangulia msingi.

Baada ya uhuru Serikali ya Kenya iliona kwamba chuo cha ufundi kiwe cha raia wote. Mwaka 1966 jina la Kiislamu likaondoka, kikawa Chuo cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka 1972 kikawa Politekiniki ya Mombasa, mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kishiriki cha chuo kikuu, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Wapo wanaohuzunika kwa jina lililoondoka, nao wana haki ya kuhuzunika. Lakini sadaka yenye kuendelea haikatiki kwa kubadilishwa kibao cha mlangoni. Kila kijana anayepata riziki ya halali kwa ufundi alioupata pale, wa dini yo yote, waliotoa mali yao wanatarajiwa kupata ujira kwa Mola wao.

Leo elimu ya juu imekaribia. Nchi za Kiislamu zilikata shauri mwaka 1974, katika mkutano wa Lahore, kujenga chuo kikuu katika Uganda, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale, jirani ya Tororo. Aliyehitaji kupanda gari la moshi hata Pwani, mjukuu wake aweza kwenda na kurudi siku moja. Lakini mtihani ni ule ule wa Tudor. Majumba ya Mbale, kama ya Mombasa, hayamwingizi asiyejua kusoma na kuhesabu.

Kwa hiyo jamaa wa Busia na Tororo, wanapokusanya shilingi zao kwa ajili ya elimu, na wakumbuke habari ya kuba za Tudor. Waanze na darasa la kwanza, na dawati, na mwalimu anayelipwa kwa wakati, na binti asiyetolewa shuleni kabla ya kumaliza. Msingi ukiwa imara, Mwenyezi Mungu akipenda, kuba itakuja.