Majivu Yalipotoka Mezani

Mama aliuza chai kwenye hoteli ya mtu hapa Majengo, Meru, kwa miaka kumi na minne. Nikitoka shule nilimpitia, nikaketi benchi la nyuma kungoja afunge kazi. Kila meza ilikuwa na kifuniko cha kopo cha kutupia majivu. Ikifika saa kumi, wazee wa miraa walikuwa wamejaa, na mtafunaji atakuambia kwamba miraa bila sigara haijakamilika. Mpaka jioni sura za watu wa kona ile zilikuwa hazionekani vizuri. Leso ya mama ilinuka moshi hata ikitoka kuanikwa.

Sigara haikuwa jambo geni kwetu. Tumbaku ilitoka Amerika, ikavuka bahari na Wareno, ikapanda bara pamoja na biashara. Boma la Meru lilipoanzishwa na Mwingereza E. B. Horne mwaka 1908, wazee wa hapa walikuwa na ugoro wao tayari. Wanauita mbaki, na mzee kumpa mzee mwenzake ugoro ni heshima. Baadaye mashamba ya tumbaku yakaingia Meru na Embu. Kisha kuna Mastermind, kampuni ya Supermatch, iliyoanzishwa na mwana wa Meru, Wilfred Murungi. Kwa hiyo mtu akisema hotelini kwamba serikali inapiga vita biashara ya mtu wetu, alieleweka haraka.

Vita vyenyewe vilianza taratibu. Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwezi Juni 2004. Mwaka 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, akatoa kanuni za kupiga marufuku uvutaji mahali pa umma. Kampuni za sigara zikakimbilia Mahakama Kuu, na kanuni zikasimamishwa. Ikabidi jambo lipitie Bunge. Rais Kibaki alitia saini Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Hoteli na baa zikaingia kwenye orodha ya mahali pasipovutwa sigara, isipokuwa kwenye sehemu maalum iliyotengwa. Faini ya mvutaji ilifika hadi shilingi 50,000, au kifungo cha miezi sita. Hata kuuza sigara moja moja kukakatazwa; pakiti isipungue sigara kumi.

Shilingi 50,000! Hoteli nzima ilicheka. Mzee mmoja akauliza, "Nikikatazwa hapa, si nitaenda kuvutia nyumbani kwa watoto? Hapo wamemsaidia nani?" Kijana wa bodaboda akasema ana haki yake, pesa ni yake na mapafu ni yake. Mwenye hoteli naye alihesabu hasara: wateja wakihama, chapati atamuuzia nani? Asiyevuta alijibiwa kwa mkato: kama moshi unakusumbua, kaa nje.

Nimeyarudia mabishano yale kichwani mara nyingi, na nimegundua kitu. Kila mtu alizungumzia wateja, anayevuta na asiyevuta. Hakuna aliyemgeukia mama, aliyesimama katikati yao na birika mkononi. Mteja aweza kukaa nje. Anayehudumu hawezi, meza zote ni zake, kuanzia alfajiri.

Ireland, nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara katika baa zake zote, Machi 2004, ilianzia hapo hapo. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba baa ni mahali pa kazi, na mfanyakazi ana haki ya hewa safi kama yule wa kiwandani. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani naye akatoa ripoti iliyosema hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara ya mwingine. Huku kwetu hoja ya mfanyakazi haikufika mezani, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akifuta meza.

Sheria ilifika Majengo bila kelele. Kwa miezi kadhaa hakuna kilichobadilika. Siku moja uvumi ukapita kwamba kanjo na karao wanazunguka, na mwenye hoteli, ambaye hakuwahi kuogopa moshi, akaogopa faini. Vifuniko vya kopo vikaondolewa. Wazee wakahamisha benchi moja nje, chini ya bati, wakaendelea na mambo yao. Hakuna hoteli iliyofungwa. Chapati ziliendelea kuisha kabla ya saa nne.

Nisikudanganye kwamba vita vimeisha. Sigara moja moja bado inauzwa kibandani, karibu na pipi. Baa nyingi usiku zinasahau sheria. Kampuni ya BAT ilipinga kanuni mpya za mwaka 2014 mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa mwaka 2019. Shisha nayo ilipigwa marufuku Desemba 2017, na bado inavutwa ndani milango ikifungwa.

Mama aliacha kazi miaka michache baada ya vifuniko kuondolewa. Kikohozi alitoka nacho. Nilimpeleka hospitali, na daktari kijana, macho kwenye karatasi, akamuuliza swali la kawaida: "Mama, unavuta sigara?"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa nauza chai."

Daktari akaandika: havuti. Siwezi kusema kikohozi kile kilitoka wapi. Hata yeye hakusema. Lakini niliiangalia ile karatasi, nikaona haina mahali pa kuandika miaka kumi na minne.