Kinu: Jina Moja, Matunzo Mawili

Kiswahili ni kikarimu na neno kinu. Gogo la kutwangia ni kinu, cha shaba cha kupondea iliki ni kinu, cha chuma chenye mpini wa kuzungusha ni kinu, na hata umeme wa nyuklia hutoka kwenye kinu. Jina limehama kutoka chombo hadi chombo. Matunzo hayakuhama vivyo hivyo, na vinu vya mkono vya nyumbani vinaliwa na kutu kwa sababu hiyo.

Kinu cha zamani ni cha kutwanga. Pwani ya Afrika Mashariki kilichongwa kwa gogo. Huku Ghuba kahawa ilitwangwa kwenye kinu cha shaba, hawan, neno ambalo Kiarabu kililichukua kutoka Kiajemi. Mwaka 2015 UNESCO iliorodhesha kahawa ya Kiarabu kuwa urithi usioshikika wa Qatar, Oman, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, na kutwanga kwa mchi ni sehemu ya desturi hiyo. Vinu hivi haviogopi maji. Cha mbao huoshwa kikaanikwa kivulini, maana jua kali hupasua mti. Cha shaba husuguliwa kwa ukwaju, au limau na chumvi, hadi king'ae.

Kinu cha kusaga chenye mpini kilitengenezwa pia Ulaya. Peugeot, kabla ya kufikiria magari, walianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840, na vya pilipili manga mwaka 1874. Ndani yake koni ya chuma yenye meno huzunguka katika pete yenye meno. Hapo maji ni adui. Fungua, toa koni, sugua kwa brashi kavu, na tone la mafuta liende kwenye mhimili tu, lisiguse meno.

Tunaoishi Doha tuna mtihani wa ziada. Kahawa ya Ghuba hukaangwa kidogo tu, na buni yake hubaki ngumu. Ukilazimisha mpini, mhimili hulegea. Legeza skrubu, saga chengachenga, kisha kaza urudie. Kahawa nyeusi ya Mombasa ni laini kusaga, ila mafuta yake huganda kwenye meno, basi brashi ipite mara kwa mara.

Karafuu ziacheni kwenye shaba. Mafuta yake huharibu plastiki, na harufu haitoki upesi: kahawa ya kesho itanukia karafuu, jambo ambalo bibi zetu wengine wangelisifu.