Kifungo cha Maisha Kilichotoka Bunia

Machi 17, 2006, Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, alitolewa Kinshasa kwa ndege na kufikishwa The Hague, mtu wa kwanza kabisa kukabidhiwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Dunia nzima iliandika habari hiyo. Wiki moja baadaye, Machi 24, mahakama ya kijeshi ya Ituri ilisoma hukumu mjini Bunia, na nje ya Kongo ni wanasheria wachache tu walioishughulikia. Kwangu mimi, hukumu hiyo ya pili ndiyo iliyohitaji ujasiri.

Mshtakiwa, Kapteni Blaise Bongi Massaba, hakuwa mwasi. Alikuwa afisa wa FARDC, jeshi la serikali. Oktoba 2005 askari wake walipambana na wanamgambo huko Tchekele, kusini mwa Ituri. Mapigano yalipokwisha, askari walipora mali za wenyeji, na vijana watano, wanafunzi, wakatwishwa mizigo ile ya wizi. Kisha wakauawa. Kapteni akakutwa na hatia ya uhalifu wa kivita, kwa mauaji na kwa uporaji.

Ilipofika zamu ya kutaja adhabu, majaji walikuta sheria ina tundu. Kanuni ya adhabu za kijeshi ya Novemba 18, 2002, ilieleza uhalifu wa kivita ni nini, lakini haikusema anayeutenda apewe nini. Kwingineko kanuni hiyohiyo haina haya ya kutaja kifo: uhaini, kukimbia mbele ya adui, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa uhalifu wa kivita, kimya. Jaji mvivu angemwachia mshtakiwa kwa hoja kwamba hakuna adhabu bila sheria. Jaji mwenye hasira angeazima kifo kwenye kifungu cha jirani. Na hasira ilikuwepo ya kutosha. Human Rights Watch imekadiria kuwa vita vya Ituri viliua watu wasiopungua 50,000 tangu 1999, na Mei 2003 Bunia yenyewe iligeuka uwanja wa mauaji ya mtaa kwa mtaa, hadi askari wa Ulaya walipoletwa mwezi uliofuata chini ya operesheni Artemis.

Majaji wale, wanajeshi wenyewe, waliufungua Mkataba wa Roma, ule ulioianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kongo ilikuwa imeuridhia Aprili 2002, na Katiba mpya, iliyotangazwa Februari 18, 2006 na ambayo siku ya hukumu ilikuwa haijafikisha arobaini, inasema mkataba ulioridhiwa uko juu ya sheria za nchi. Mkataba wa Roma hauna adhabu ya kifo. Unaruhusu kifungo kisichozidi miaka 30, au kifungo cha maisha pale uzito wa kosa unapodai. Bongi akapewa maisha. Alikata rufaa, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Mkoa wa Orientale ikaithibitisha hukumu.

Ingeweza kudhaniwa bahati, kama isingejirudia. Februari 2007 mahakama ileile ilikuwa na kesi nzito zaidi mbele yake: mauaji ya waangalizi wawili wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, mmoja wa Malawi na mwingine wa Jordan, yaliyotokea Mongbwalu Mei 2003. Mji huo wa dhahabu ulikuwa mikononi mwa wanamgambo wa FNI. Waangalizi hawa, ambao kazi yao haikuwa ya bunduki, waliomba kuondolewa; helikopta haikufika kwa wakati, na miili yao ikaja kupatikana siku chache baada ya kuuawa. Kuua watu wa namna hiyo ili kutisha mji mzima ni jambo ambalo leo wengi wangeliita ugaidi bila kusita. Wanamgambo sita walipata kifungo cha maisha, tena kwa Mkataba wa Roma.

Sasa linganisha na The Hague. Lubanga, aliyeingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani, alipewa miaka 14 mwaka 2012. Germain Katanga, kiongozi mwingine wa wanamgambo wa Ituri, alipata 12 mwaka 2014. Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa Lubanga, peke yake ndiye aliyefika 30, mwaka 2019. Mahakama ambayo mataifa yalijipongeza kwa kuiunda ilikuwa na mkono mwepesi kuliko maafisa wa Bunia. Lubanga akatoka Machi 2020. Rais Tshisekedi alimtia kwenye kikosi cha kutafuta amani Ituri. Mapema 2022 akashikwa na CODECO, kundi alilotumwa kuzungumza nalo. Na 2025 akatangaza vuguvugu jipya la silaha dhidi ya serikali. Mtu wa Bunia akikwambia kwamba muuaji asiyekufa hurudi, hasemi kwa nadharia.

Hoja hiyo naiona ina nguvu, ila inalaumu adhabu kwa kosa la gereza. Oktoba 20, 2020, washambuliaji walivunja gereza la Kangbayi mjini Beni alfajiri, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoweka, na Dola la Kiislamu likajisifu kwa kazi hiyo. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo: zaidi ya 800. Gereza la Bunia nalo lilijengwa kwa mamia machache na limezoea kubeba zaidi ya elfu. Jaji anapotamka maisha, ukuta wa matofali ndio unaoamua yataisha lini.

Na kifo je? Januari 7, 2003, watu 15 walipigwa risasi Kinshasa. Tangu hapo dola haikutekeleza tena adhabu hiyo, ingawa mahakama ziliendelea kuhukumu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 aliyehukumiwa kifo na aliyehukumiwa maisha walikuwa na adhabu moja yenye majina mawili. Wabunge walipata nafasi ya kulisafisha jambo hili Novemba 2010, mswada wa kufuta kifo ulipowafikia. Waliukataa. Kisha ikaja sheria ya Desemba 31, 2015, iliyoingiza uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu katika kanuni ya jinai. Pengo lile la 2002 likazibwa kwa neno kifo. Mlango waliopitia majaji wa Bunia ukafungwa, sijui kama kuna mbunge aliyekumbuka kwamba uliwahi kuwepo.

Wakati huo adui naye alikuwa amebadilika. ADF, waasi wa asili ya Uganda ambao Marekani iliwaorodhesha Machi 2021 kuwa tawi la Dola la Kiislamu, walivuka kutoka Beni hadi Irumu na Mambasa, ndani ya Ituri. Mwishoni mwa Mei 2021 waliua watu wasiopungua 50 Boga na Tchabi. Mwezi huohuo Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, mahakama za kijeshi zikakabidhiwa kesi za jinai za raia. Machi 13, 2024, Waziri wa Sheria, Rose Mutombo, akatia saini waraka wa kuondoa usitishaji huo wa adhabu ya kifo, akitaja wasaliti jeshini, ugaidi na ujambazi wa mijini. Tangu hapo hukumu za kifo zimetoka kwa wingi. Septemba 2024, watu 37 walihukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la Kinshasa, ugaidi ukiwa mojawapo ya mashtaka. Wamarekani watatu kati yao walibadilishiwa ikawa maisha Aprili 2025, wakarudishwa kwao. Wale wasiokuwa na ubalozi mkubwa nyuma yao walibaki. Julai mwaka huohuo ADF waliua zaidi ya watu 40 Komanda, wengi wao kanisani katika ibada ya usiku. Kurudi kwa tishio la risasi hakukuwazuia.

Septemba 30, 2025, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo Joseph Kabila, rais wa zamani, naye hayupo, kwa uhaini, uhalifu wa kivita na makosa mengine. Ndiye aliyeipeleka kesi ya Kongo The Hague mwaka 2004, na ndiye aliyetia saini sheria ya 2015.