Korona Kabla ya Korona

Kabla ya mwaka 2020, mtu wa Muheza akikwambia anakwenda korona hukumkimbia. Ulijua anakwenda kazini. Kwa watu wa mkonge korona ni mtambo wa kukwangua majani, na kwa mazoea ni banda zima linaloufunika: mabati marefu yaliyoshika kutu, mfereji wa maji ya kijani, harufu kali ya majani yaliyochacha, na ngurumo inayosikika hadi kambini. Jina lilikuja limeandikwa kwenye chuma chenyewe. Kiwanda cha Krupp-Gruson cha mji wa Magdeburg, Ujerumani, kiliuita mtambo wake Corona, na vibarua wakalichukua jina hilo wakawapa hata ndugu zake waliotoka Uingereza, kama sisi tunavyoita Panadol kila kidonge cha kichwa.

Nimeamua kuiandika historia yake kwa sababu ya niliyoyaona katika shamba moja kati ya Muheza na Korogwe. Vijana wawili walikuwa na mtungi wa gesi, wanaikata ngoma ya korona vipande vya kubebeka. Mizani ya vyuma chakavu ilikuwa imeshatundikwa mwembeni. Pembeni alikaa mzee aliyekuwa fundi wa mtambo ule, mikono juu ya mkongojo, anatazama kama mtu aliye msibani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua?"

"Hapana mzee, napita tu."

"Basi umechelewa. Ungepita jana ungeukuta mzima."

Historia ya korona haianzii Tanga. Inaanzia kwenye fundo la uzi, katika mashamba ya ngano ya Marekani.

Mwaka 1831, katika jimbo la Virginia, Cyrus McCormick alionyesha mashine ya kuvuna inayovutwa na farasi. Aliiunda akisaidiwa na Jo Anderson, mtumwa wa familia yao, ambaye sifa hazikumfikia. Mashine ile ilikata ngano haraka, lakini haikuifunga. Nyuma yake watu walifuata wameinama, wakikusanya mabua na kufunga miganda kwa mikono. Katika miaka ya 1870 mafundi wakajaribu waya. Waya ulifunga barabara, ila vipande vyake viliishia matumboni mwa ng'ombe na kwenye mitambo ya kusaga unga. Ndipo John Appleby wa Wisconsin alipoitengeneza, mwaka 1878, mashine ya kufunga miganda kwa uzi.

Ukipata nafasi ya kuliangalia fundo la Appleby likifungwa, chutama usogee karibu, kwani halichukui hata sekunde mbili. Sindano ya chuma, iliyopinda kama mundu na yenye urefu wa mkono wa mtu mzima, huuzungusha uzi kwenye mganda. Ncha mbili za uzi hulala juu ya kidude kidogo chenye sura ya mdomo wa ndege. Mdomo unageuka mara moja, uzi unajiviringisha na kufanya kitanzi. Mdomo unafunguka, unazing'ata zile ncha mbili, kisu kinapita kukata, kisha mganda unapotupwa nje unauvuta uzi, kitanzi kinateleza juu ya mdomo, na fundo limekwisha. Hakuna injini: nguvu yote hutoka kwenye gurudumu kubwa linalobiringika ardhini nyuma ya farasi. William Deering alinunua haki ya kuitengeneza, na mwaka 1880 peke yake akauza mashine 3,000 za namna hii.

Kila mganda ulimaliza kipande cha uzi, na miganda haikuhesabika. Uzi wa kwanza ulitoka Manila, ukafuata wa Yucatán, Mexico, ambako matajiri wa katani walijenga majumba ya fahari mjini Mérida. Kampuni za McCormick na Deering zilipoungana na nyingine mwaka 1902 na kuunda International Harvester, kampuni moja ikawa inauza mashine na inaununua uzi wake kwa bei iliyopenda yenyewe. Neno "sisal" lenyewe ni jina la bandari ya huko Yucatán ambako mizigo ilipakiwa.

Wenye mashamba wa Yucatán hawakutaka miche itoke kwao. Lakini ilikwisha kutoka zamani. Henry Perrine, daktari aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, alikuwa amepeleka miche Florida miaka ya 1830, na yeye mwenyewe akauawa huko kisiwani Indian Key mwaka 1840, katika vita kati ya Marekani na Waseminole. Mkonge wake ukabaki ukiota ovyo bila mwenyewe. Miaka hamsini baadaye, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, ikafika Tanga mwaka 1893. Iliyokuwa bado hai ilikuwa 62.

Wapo wanaosimulia kwamba Hindorf aliificha miche ile ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu na sitaki kuwaharibia wasimulizi, ila miche ile ilinunuliwa kwa fedha na kusafirishwa kwa meli kama bidhaa nyingine yoyote. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Wajerumani wamnyonge Abushiri bin Salim mjini Pangani. Kwa hiyo watu wa pale waliouona mche huu wenye miba kwenye ncha walikuwa wanawajua vizuri walioupanda.

Mkonge huzaana kama ulioapa. Ukikaribia kufa hutoa mlingoti mrefu, na mlingoti mmoja huweza kubeba vichipukizi zaidi ya elfu. Kufikia 1898 ile 62 ilikuwa imefika makumi ya maelfu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli kama siafu. Mwaka 1913 koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za katani.

Hapo ndipo mtambo unapoingia. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa, yaani nyuzi zake, hazifiki kilo 5. Vinavyobaki ni maji na makapi. Kusafirisha majani ni kusafirisha maji, kwa hiyo lazima yakwanguliwe palepale shambani, tena upesi kabla hayajanyauka. Mashine za mwanzo ziliitwa raspador, ni za Kimexico: ngoma moja yenye visu butu, na mtu mbele yake ameshika jani kwa mkono. Anaingiza nusu, anavuta, anageuza, anaingiza nusu ya pili. Ngoma haikujua mpaka kati ya jani na mkono. Huko Yucatán na kwingineko watu waliacha vidole pale, na wengine viganja.

Korona iliutoa mkono. Majani yalifika kwa troli juu ya reli nyembamba, yamefungwa matita ya majani 30. Wafanyakazi waliyafungua na kuyalaza mezani, mashina upande mmoja. Mnyororo uliyabana katikati na kuyapeleka mbele ya ngoma ya kwanza, ikakwangua nusu moja. Kisha kibano kingine kikayapokea kwenye singa zilizokwisha kusafishwa, na ngoma ya pili ikamaliza nusu iliyobaki. Muda wote huo maji yanamwagwa juu yake kama mvua ya masika. Upande wa pili zilitoka singa zenye rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la kijani, zikaenda kuanikwa juani, kupigwa brashi, na kushindiliwa marobota ya kilo 250.

Mzee wa mwembeni alinieleza siri ya kazi yake kwa vidole viwili. Visu vya korona havikati. Vinapiga na kukwangua. Kati ya visu na chuma kilicho mbele yake kuna nafasi nyembamba. Nafasi ikizidi, singa zinatoka na nyama ya jani. Ikipungua, singa zinakatika na kwenda mferejini na makapi. Mkonge wa kiangazi si mkonge wa masika, jani la kwanza si jani la mwaka wa sita, kwa hiyo nafasi haikai ilivyokuwa jana. "Kitabu kilikuwa cha mzungu," akasema, "lakini korona ilikuwa inaniambia mwenyewe. Ikilia hivi, nalegeza. Ikilia vile, nakaza."

Nani alimlisha mnyama huyu? Manamba. Jina limetokana na namba walizopewa walipoandikishwa. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na tangu 1944 ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU ndiyo iliyowasomba kwa mabasi na treni. Walifanya kazi kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kutimiza ndipo ulipwe. Wengi hawakurudi makwao. Ndiyo maana leo ukikaa Muheza au Korogwe utazikuta ngoma na vyakula vya nusu ya nchi.

Wajapani walipozitwaa Ufilipino na Java, ambako nako nyuzi zilitoka, mwaka 1942, katani ya Tanganyika ikawa ya kupiganiwa. Vita ya Korea nayo ikaipandisha bei hadi kupita pauni 200 kwa tani. Wakati huo mashine za kufunga miganda zilikuwa zimeshaanza kustaafu huko Marekani, zimeshindwa na kombaini zinazovuna na kupura papo hapo. Ungedhani uzi nao ungekufa. Haukufa, kwa sababu mwaka 1940 kampuni ya New Holland ilianza kutengeneza mashine inayookota majani makavu ya mifugo na kuyafunga marobota yenyewe, nayo ilifunga kwa fundo la ukoo uleule wa Appleby. Ng'ombe wa Pennsylvania akala majani yaliyofungwa kwa uzi wa mkonge wa Tanga.

Mwaka 1964 Tanzania ilitoa kiasi cha tani 230,000. Ndiyo kilele, hatujakifikia tena. Uzi wa plastiki ukaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi bei ikiwa inaendelea kushuka. Mabishano ya nani aliyeua mkonge yangali yanaendelea barazani Tanga, na kila upande una hoja. Mimi nasema plastiki ilitangulia kupiga, uongozi mbovu ukamalizia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000 kwa mwaka, korona zimesimama, nyani wanacheza kwenye meza za kulazia majani.

Sasa rudi Marekani. Mjini Mount Pleasant, Iowa, tangu mwaka 1950, wapenzi wa mashine kuukuu hukusanyika kila mwaka kiangazi kinapokwisha. Wanakuja na matrekta ya mvuke, mashine za kupura, na zile za Appleby zenye mdomo wa ndege. Hawaji kuzitazama tu. Wanazifanyisha kazi. Mashine ya miaka mia moja huwa imepakwa rangi yake ya kwanza, na mwenyewe anajua namba yake ya kiwandani kuliko namba ya simu ya mkwewe. Ili ifunge miganda anahitaji uzi unaokwaruza, kwa sababu plastiki inateleza mdomoni. Anauhitaji mkonge.

Wengine wataniambia mashine zile walizimiliki baba zao, ndiyo maana wanazipenda, ilhali korona kwetu ilikuwa ya bwana shamba, na hakuna ahifadhiye kisu kilichomkata. Hoja hiyo ina uzito. Lakini yule mzee hakuwa bwana shamba, na ndiye pekee aliyekuwa na msiba siku ile. Vijana wenye gesi walikuwa hawajui hata ngoma waliyoikata ilizungukia upande gani.

Na mkonge wenyewe umeanza kurudi. Tanzania ni ya pili duniani baada ya Brazil, na wakulima wadogo wanapewa miche. Hawa hawawezi kununua korona, hivyo wanatafutiwa mashine ndogo za kuhamishika. Brazil wameitumia mashine ndogo kwa miaka mingi, wanaiita Paraibana: ngoma moja, na mtu mbele yake ameshika jani kwa mkono. Ni raspador ileile iliyobadili jina, na huko pia imewaacha watu bila viganja. Mtu anayetaka kutuuzia mashine ya namna hiyo angefaa kwanza kusimamishwa mbele ya korona na kuonyeshwa ule mnyororo uliutoa mkono wapi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye mabanda yaliyosimama, kuanzia Pangani hadi Mkumbara. Kabla hamjaita mtu wa gesi, futeni vumbi kwenye kibati cha jina na namba, mkipige picha. Mtafuteni aliyekuwa fundi wa mtambo, mrekodini kwa simu japo nusu saa akieleza anavyokaza na kulegeza. Na kama zipo tatu, kateni mbili.