Mkali wa Bonde la Ruhuhu

Hapa Ruhuwiko ukitaja mnyama mkali, watu hufikiria simba. Lakini bonde la mto Ruhuhu, magharibi yetu, lilikuwa na mkali wake kabla ya dinosaria: gorgonopsia, jamaa wa mbali wa mamalia, mwenye meno kama majambia. Aliwinda wala-majani wenye pembe mdomoni kama ngiri. (Amerika Kusini nako, baadaye sana, alizuka Thylacosmilus, jamaa wa kangaruu, mwenye majambia yale yale, wala si wa ukoo mmoja!) Alitoweka yapata miaka milioni 252 iliyopita.

Mwaka 1933 Parrington wa Cambridge aliokota mifupa bondeni, akaenda nayo Uingereza. Mingine ikaishia Tübingen, Ujerumani. Mwanafunzi wa Songea akitaka kuiona hiyo, sharti apande ndege. Uwanja tunao hapa hapa Ruhuwiko. Nauli ndiyo hatuna.