Besi Masikioni, Usingizi kwa Jirani: Jinsi ya Kuchagua Hedifoni Zilizofungwa

Nyumba yetu hapa Kikambala ni ya mawe ya matumbawe na paa la makuti. Chumba cha mama kimepakana na cha mpwa wangu. Mama ana presha, na daktari alituambia wazi kwamba usingizi wake ni sehemu ya dawa. Mpwa wangu ana miaka 19 na ana wufa yake, na muziki anaoupenda ni ule ambao besi yake hutingisha vikombe kabatini.

Tuligombana miezi miwili. Alipunguza sauti, mama akawa bado halali. Mimi nilibeba spika za harusi miaka mingi kati ya Mtwapa na Malindi, kwa hivyo sababu naijua. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, besi haizuiliki hivyo. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, wakati la hezi 5,000 ni sentimita 7 tu. Wimbi refu namna hiyo hupenya ukuta na kupita juu kwenye makuti. Anayecheza muziki husikia wimbo mzima, aliyelala chumba cha pili husikia dum, dum, dum.

Mwishowe kijana alikuja mwenyewe. "Mjomba, nitafutie hedifoni zenye besi, wufa nitaiacha." Alikuwa tayari ameshanunua moja barabarani kwa shilingi 1,500, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina besi ya ajabu. Siku tatu baadaye alirudia wufa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliyomweleza ndiyo nawaandikia hapa, maana najua nyumba kama yetu ni nyingi kutoka Kanamai hadi Malindi.

Iliyofungwa ni ipi?

Hedifoni za kufunika sikio ni za aina mbili. Kuna zilizo wazi mgongoni, ambazo kikombe chake kina matundu au wavu kwa nje, na kuna zilizofungwa, ambazo mgongo wake ni mzima. Zilizo wazi husifiwa kwa sauti yenye nafasi, kama umekaa ukumbini, lakini aliye kando yako husikia karibu kila kitu, na wewe unasikia kelele zote za nje. Besi yake ya chini kabisa pia huwa nyepesi.

Zilizofungwa huweka sauti ndani na kelele nje. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na nduguye, anayepanda matatu kwenda Mombasa kila siku, au anayetaka besi nzito, hizi ndizo za kutafuta.

Siri ya besi ni kuziba

Watu huniuliza, kisahani cha milimita 40 kitatoaje sauti ambayo spika ya inchi 12 ndiyo huitoa? Jibu ni kwamba hedifoni haijazi chumba. Inasukuma hewa kidogo sana iliyo kati ya kisahani na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikiwa imezibwa vizuri, mgandamizo hufika wote sikioni na besi huja imejaa. Pakiwa na mwanya, hata mdogo, hewa hutoroka na besi ndiyo ya kwanza kupotea. Sauti ya mwimbaji na kayamba zitabaki, ila ngoma kubwa itasikika kama kopo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro ya hedifoni ya kwanza ya mpwa wangu. Mito yake ilikuwa midogo na migumu, ikakalia sikio badala ya kulizunguka. Nilimwambia abonyeze vikombe kwa viganja polepole. Besi ikaja! Alipoachia, ikaondoka. Jaribio hilo halina gharama, na unaweza kulifanya dukani. Ukibonyeza kidogo na besi ikaongezeka sana, jua hedifoni hiyo haikuzibi wewe, hata kama inamziba mwenzako.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalitaji. Ushungi ukipita chini ya mto wa hedifoni, huacha mwanya. Kofia iliyoshuka hadi masikioni hufanya vivyo hivyo, na mikono ya miwani pia. Nywele za kusuka hutegemea mtindo. Kwa hiyo ukienda kujaribu, nenda ulivyo siku zote. Anayevaa miwani atafute mito minene na laini inayojifinyanga. Anayevaa ushungi ajaribu ule wa kitambaa chepesi, au avae hedifoni chini yake akiwa chumbani.

Namba za kwenye boksi

Ya kwanza ni masafa. Boksi litasema hezi 20 hadi 20,000, na hayo ndiyo masafa ambayo sikio la kijana mzima husikia. Karibu kila boksi huandika hivyo, za shilingi mia tano na za elfu thelathini. Namba hiyo haikuambii besi ni nzito kiasi gani. Kwa kulinganisha, waya mnene wa gitaa la besi la kawaida hutoa hezi 41, na pigo la ngoma kubwa ya mguu huwa zaidi kati ya hezi 50 na 100. Besi ambayo vijana huitafuta iko kwenye eneo hilo.

Ya pili ni upana wa kisahani, kwa kawaida milimita 40 hadi 50. Kikubwa si lazima kiwe bora. Cha 40 kilichozibwa vizuri humshinda cha 50 kinachovuja.

Ya tatu ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Kwa simu, tafuta omu 16 hadi 80 hivi. Za omu 250 zinahitaji amplifaya, la sivyo sauti itakuwa ndogo na utadhani umeuziwa mbovu. Kama hedifoni ni ya Bluetooth, namba hii usiihangaikie, kwa kuwa amplifaya iko ndani yake.

Zenye jina lililodumu

Sipigii debe duka lolote. Nataja hizi kwa sababu zimekaa sokoni muda mrefu, sifa zake zinajulikana na vipuri vyake vinapatikana.

Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 na bado inatumika katika studio na redio duniani. Kisahani chake ni milimita 40, ukinzani omu 63. Besi yake ni safi na yenye adabu, haikuzwi. Ubaya wake ni kwamba waya hauchomoki, na mito yake huchanika baada ya muda.

Audio-Technica ATH-M50x ilitoka mwaka 2014. Ina kisahani cha milimita 45 na omu 38, na simu inaisukuma bila taabu. Besi yake imenyanyuliwa kidogo, na waya wake huchomoka. Ukikatika unabadilisha waya tu.

Beyerdynamic DT 770 Pro hutengenezwa Ujerumani, na hupatikana kwa omu 32, 80 na 250. Usikosee kuagiza ya 250 kwa simu. Besi yake hushuka chini sana. Ile ya omu 80 ina mito ya kitambaa cha mahameli.

Sennheiser HD 25 ya omu 70 hupendwa na madijei. Hukalia sikio badala ya kulizunguka, lakini hubana vizuri, ni nyepesi, na karibu kila kipande chake hubadilishwa.

Kama mfuko hauruhusu hizi, usivunjike moyo. Kuna za bei ya chini zinazoziba vizuri. Fuata jaribio la viganja na utazipata. Jihadhari tu na bandia za majina makubwa. Nembo inayofanana na bei ya robo ni dalili tosha.

Waya au Bluetooth?

Waya hauishi chaji, haucheleweshi sauti, na hedifoni yake hudumu zaidi maana hakuna betri ya kuchoka. Lakini simu nyingi za sasa hazina tundu la hedifoni, kwa hivyo utahitaji kiunganishi cha USB-C.

Bluetooth hukupa uhuru. Baadhi yake huwa na mfumo wa kufuta kelele, na mfumo huo hufanya kazi vizuri zaidi kwa ngurumo za chini, kama injini ya matatu au jenereta. Kelele hizo zikiondoka, besi ya wimbo husikika bila kuongeza sauti. Ukinunua, uliza saa za betri na kama inaweza kutumika kwa waya betri ikiisha.

Joto, jasho na chumvi

Pwani yetu haina huruma kwa vitu hivi. Mito ya ngozi ya bandia huziba vizuri ikiwa mipya, lakini jasho na unyevu huifanya iambuke magamba meusi yanayobaki shavuni. Ikishaanza kuchanika, besi nayo inapungua, na watu hutupa hedifoni nzima kumbe ni mito tu. Kabla ya kununua, uliza kama mito ya kubadilisha inapatikana. Mahameli hupitisha hewa na hayachemshi sikio, ingawa huziba kidogo kuliko ngozi.

Ukitoka ufuoni, usiziache hedifoni juu ya dirisha linalotazama bahari. Upepo wa chumvi hula chuma cha jeki, na sauti huanza kukatika upande mmoja. Futa mito kwa kitambaa kikavu kila baada ya kutumia, kisha uziweke ndani ya mfuko.

Jaribio la dukani

Nenda na nyimbo tatu unazozijua kwa moyo. Mmoja uwe na besi nzito ya mashine. Wa pili uwe na ngoma za mkono, kwa mfano chakacha, ambapo vumi hunguruma chini na chapuo hujibu juu. Wa tatu uwe wa sauti ya mtu na ala chache. Kwenye ule wa kwanza, sikiliza kama kila pigo lina mwanzo na mwisho, au yote yanaungana kuwa mvumo mmoja. Kwenye chakacha, sikiliza kama vumi linamfunika mwimbaji. Besi njema hukaa mahali pake. Kisha zivae dakika 15 bila kuzivua. Zikikuuma dukani, nyumbani zitakutesa. Mwisho, mwache mwenzako asimame hatua moja kando na akwambie anasikia nini.

Jambo ambalo hedifoni haiwezi

Sasa nasema lile lililonifanya niandike. Hedifoni haitakutingisha kifua. Ule mtikisiko unaousikia mbele ya spika za harusi ni mwili mzima unaopigwa na hewa, si sikio peke yake. Kijana akiukosa, huongeza sauti akiutafuta. Hataupata, na sikio ndilo litakalolipa.

Sikio letu pia huwa zito kwa besi wakati sauti iko chini. Kwa hiyo badala ya kuongeza sauti yote, fungua ikwalaiza kwenye simu, shusha kidogo sauti za kati na za juu, uiache besi palepale. Utaisikia imejitokeza, na sauti haitakwaruza.

Kanuni inayotumika makazini ni hii: desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15 tu. Kwa muziki, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mwaka 2022 shirika hilo lilisema watu zaidi ya bilioni 1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Kiwekeni leo.

Mimi sikuwekewa kikomo na mtu. Sikio langu la kushoto hulia kama nyenje usiku kucha, na hakuna fundi wa kulizima. Mpwa wangu nilimwita karibu, nikamwambia, "Huu mlio ninaousikia mimi hauna kitufe." Alinyamaza, akashusha sauti yake mwenyewe.

Na neno kwa wanaoendesha bodaboda na wanaotembea kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi: hedifoni iliyofungwa huzuia honi kama inavyozuia kelele nyingine. Ukifika barabarani, zishushe shingoni.

Kijana alichukua hedifoni yenye waya wa kuchomoka na mito minene, ambayo nembo yake hata haijulikani sana, lakini ilishinda jaribio la viganja. Wufa imefunikwa kwa leso kwenye kona. Wiki ya pili mama aliniuliza asubuhi, akimimina chai, "Huyu mtoto amehama?" Nikamwambia yuko, usiku alikuwa akisikiliza muziki hadi saa sita. Mama akasema hakusikia kitu.