Bonasi ya Pamba: Hesabu za Bura

Leo naacha kidogo mambo ya programu. Sisi wa kompyuta tukisikia habari za kuwapa wafanyakazi motisha, tunawaza bonasi na hisa za makampuni ya Marekani. Lakini swali hilo lilijaribiwa huku kwetu Mto Tana zamani, tena kwa njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa fimbo. Huko Hola serikali ya kikoloni iliamua kuwalazimisha watu wa kizuizini, waliohusishwa na Mau Mau, kufanya kazi kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Tarehe 3 Machi 1959 waliokataa walipigwa mpaka 11 wakafa. Serikali ikasema kwanza kwamba ni maji waliyokunywa! Habari ilifika hadi Bunge la Uingereza.

Ya pili ilikuwa ahadi. Upande wa Bura na Chewele, kaskazini ya Hola, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwaka 1977, na kuanzia 1981 familia zikaletwa kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Kila familia ilipewa nyumba na shamba, ilime pamba. Hawakuwa waajiriwa wa mshahara, lakini ardhi haikuwa yao pia: walikuwa wapangaji wa mradi, na wenye mradi ndio walioamua zao gani lilimwe.

Sasa tazama hesabu, ambayo naiona kama programu yenye kasoro. Malipo ya mkulima yalikuwa bei ya pamba yake, ukitoa maji, mbegu, mbolea na dawa, vyote vikikatwa kabla hajashika shilingi. Katika hesabu nzima, yeye alikuwa na uwezo juu ya kitu kimoja tu: jasho lake. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli. Pampu ikikwama, pamba inakauka, lakini deni halikauki. Aliyepalilia vizuri na aliyezembea wangeweza kumaliza msimu wakiwa sawasawa, yaani mikono mitupu. Nani ataamka alfajiri kwa malipo ya namna hiyo?

Mpango ulikuwa hekta 6,700. Zilizotayarishwa zilikuwa kama 2,500, na gharama zilipanda vibaya. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 kilimo cha pamba Bura kilikuwa kimeanguka. Serikali iliufufua mradi miaka ya 2000, na mahindi yakachukua nafasi ya pamba.